Ubunge Usio na Kiti

Mimi ni dereva wa basi la shule hapa Mabela, pembeni mwa Maskati, kazi niliyoitafuta mwenyewe baada ya kustaafu jeshini, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Basi ni dogo, la manjano, na lina watu wazima wawili tu: mimi kwenye usukani, na mushrifa, yaani mwanamke anayewapokea watoto kwenye mageti, akawafunga mikanda na kuwatenganisha wakianza kupigana. Nimeshafanya kazi na mamushrifa wa kila namna. Mmoja alikuwa analala njia nzima. Mwengine alikuwa anakula vitafunio vya watoto. Halafu akaja Phyllis.

Phyllis ni Mkenya wa Bungoma, mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na ana sauti isiyohitaji kupandishwa. Siku ya kwanza alinisalimu kwa Kiarabu cha jikoni, nami nikamjibu kwa Kiswahili. Akageuka mzimamzima kunitazama.

"Mzee, kwani wewe ni Mwarabu ama ni mtu wa Mombasa?"

Nikamwambia mimi ni Mwarabu niliyelelewa na mama wa Unguja, na Kiswahili cha kutiliwa shaka hapa ni chake yeye. Tangu siku hiyo hatujanyamaza. Yeye husema Kiswahili changu kina madaha mengi, mimi husema chake kimepigwa nyundo.

Kazi ya mushrifa inafanyika mlangoni. Basi linasimama, geti linafunguliwa, na anayemtoa mtoto si mama yake, maana mama saa hiyo anatafuta funguo za gari aende kazini. Anayemtoa ni dada wa kazi. Kwa hiyo kila asubuhi Phyllis huonana na madada wa mtaa baada ya mtaa, kila mmoja kwa muda wa kupokea mkoba na chupa ya maji. Wengi wao ni wa kwao. Wanasemezana harakaharaka, na mimi nimeshatia gia, nanung'unika kwamba tutachelewa.

Asubuhi moja, tumeshawashusha watoto na basi limebaki na harufu ya ndizi, Phyllis akaja kukaa kiti cha mbele akasema, "Mzee Marhoon, nataka kukuambia kitu. Nagombea ubunge."

Nikazima injini. "Bunge gani?"

Akanieleza, nami nikamfanya anieleze tena, maana nilidhani joto limemwingia. Wakenya walioko Oman wangechagua mbunge wao. Mbunge huyo hana kiti bungeni kwao Nairobi, hana mshahara, hana kura, wala hakuna sheria inayomtambua. Wenzao walioko nchi nyingine walikuwa wamechagua wa namna hiyo hiyo. Katikati ya mwaka wote wangekutana Nairobi, wapite mlango kwa mlango kwa wabunge wa kweli, wadai watu walioko nje wapewe viti vyao. Mpaka siku hiyo ifike, wao ndio viti vyenyewe.

"Kwa hiyo utakuwa mbunge wa kusimama," nikamwambia.

"Nimezoea kusimama. Si kazi yangu ni hii?"

Nilicheka, na yeye akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Nikamuuliza anautakia nini ubunge wa hewa, mtu mzima, mwenye kazi yake na watoto wawili wanaosoma Bungoma. Hapo ndipo aliponisimulia kitu ambacho miaka yote tuliyokaa pamoja hakuwahi kukitaja.

Alipokuja Maskati mara ya kwanza alikuwa dada wa kazi ndani ya nyumba moja ya huku huku kwetu Seeb. Hawakumpiga wala hawakumnyima chakula. Ila alikuwa hatoki. Ijumaa ndiyo siku wageni wanakuja, ndiyo siku sufuria zote ziko motoni, kwa hiyo Ijumaa yake ilikuwa nzito kupita siku nyingine. Siku moja wakaja wageni rasmi kutoka kwao, wakaalika Wakenya wote wa Maskati kwenye ukumbi wa hoteli, Ijumaa alasiri. Waliokwenda ni wenye Ijumaa zao: mafundi, walinzi, watu wa maofisini. Wageni wakarudi kwao wakasema wamewaona watu wao wa Maskati, na watu wote wako salama, wana furaha.

"Nilisoma hiyo habari kwa simu nikiwa nimekaa sakafuni jikoni," Phyllis alisema. "Nikasoma kwamba wameniona. Mzee, nilikuwa naosha sufuria ya mchele. Mimi hawakuniona."

Basi Phyllis alikuwa anataka jambo moja, na alilisema wazi kila alipopata nafasi: wale wasiotoka nao wahesabiwe. Tatizo ni kwamba uchaguzi wenyewe ulipangwa kwa namna ile ile ya hotelini. Wakenya wana mtindo wao wa zamani wa kupiga kura, unaitwa mlolongo: wagombea wanasimama mbele, na kila mtu anajipanga nyuma ya anayemtaka. Kwao uliachwa kwa fedheha, kwa sababu ilitokea mwenye mstari mrefu akatangazwa ameshindwa. Huku waliurudisha kwa kuwa hawakutaka masanduku na makaratasi ya kura katika nchi ya watu. Wangejipanga Ruwi, mjini Maskati, kwenye uwanja wa kanisa, Ijumaa baada ya ibada, na asiyekuwepo hana kura. Mimi namchagua mtu wangu wa Majlis Shura, baraza letu la kuchaguliwa, kwa simu, nimejilaza kwenye mto. Nikaona hawa wenzetu wanapenda kujitesa.

Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, Japheth, msimamizi wa ghala kule Rusayl. Nilikuwa namjua kwa sura. Mtu mrefu, kifua mbele, ana sauti ya kusikika mpaka barabara ya pili, na wanaume wote wanaolala kwenye mabweni ya viwanda ni watu wake. Si mtu mbaya. Mtu wa Rusayl akiumia kazini, Japheth ndiye huwa wa kwanza kufika hospitali. Lakini watu wake wana Ijumaa, na kampuni inawapa basi la kuwapeleka kanisani. Watu wa Phyllis hawana Ijumaa wala basi.

Alikwenda kwenye kikao cha kamati kulalamika. Mwenyekiti wa kamati alikuwa kijana mmoja mhasibu, Ian, msafi, mpole, anayeongea kana kwamba kila neno limepigwa pasi. Phyllis akamwambia kura ya namna hii inawaacha nje madada wa nyumbani, na huenda hao ndio wengi kuliko wote. Ian akasema anaelewa, lakini kamati haiwezi kuhesabu mtu asiyeonekana.

"Walete, tutawahesabu," alimwambia mbele ya watu wote.

Nadhani alisema hivyo ili kikao kiishe. Phyllis alilichukua neno hilo akaondoka nalo.

Kesho yake akaanza. Na hapa alifanya kosa ambalo Mkenya peke yake ndiye anaweza kulifanya Mabela: alitaka kuomba jambo kwa haraka, kwa uwazi, na asubuhi. Tulisimama kwenye geti la mama mmoja anayeitwa Noof, mama yake Yazan. Dada wao wa kazi ni Nyambura, msichana mwembamba wa Nyeri, wa maneno machache. Bahati mbaya siku hiyo Noof mwenyewe alikuwa nje, anaingia garini, na majirani wawili nao wako mlangoni na watoto wao. Phyllis akashuka, akasalimia, akasema palepale kwa Kiarabu chake: anaomba Nyambura apewe saa chache Ijumaa ya mwisho wa mwezi, aende Ruwi kwenye mkutano wao.

Nilitamani kupiga honi ili asisikike. Kwetu mtu hamwombi mwenye nyumba jambo akiwa na mguu mmoja ndani ya gari, tena mbele ya majirani. Akikubali anaonekana amelazimishwa, akikataa anaonekana bakhili. Noof alitabasamu, akapanda gari lake, na kabla hatujafika shule alikuwa ameshampigia simu mkuu wa shule.

Phyllis akaitwa ofisini. Alipotoka akanieleza: ameambiwa kazi yake ni watoto, na akisikika tena anazungumza na watu wa majumbani mambo mengine, atafute shule nyengine. Na kwa mgeni, kazi ikienda, ukaazi nao unakwenda.

"Basi," nikamwambia. "Umejaribu. Mwache Japheth na ubunge wake usio na kiti."

"Mzee, washa gari."

"Nnakwambia kwa wema."

"Najua. Washa gari."

Nikawasha. Kesho yake ndipo akaniambia alivyokuwa anafikiria usiku. Alikuwa ameshawaulizia kwa simu madada wengine wa mtaa ule, na wote walipata jibu moja kutoka kwa mama zao wa kazi: Noof akimpa ruhusa Nyambura, na sisi tutatoa. Noof ndiye mkubwa wa mtaa, si kwa umri, bali kwa kuwa hakuna anayetaka kulinganishwa naye vibaya. Nyumba moja ilikuwa imebeba nyumba zote. Na ndiyo nyumba iliyomshitaki.

"Nifundishe," akaniambia. "Nyinyi mnaombaje?"

Nikamwambia, kwanza huombi wewe. Unakwenda na mtu mzima anayejulikana, unakwenda alasiri, unabeba kitu kidogo, unakaa. Mnaulizana habari za watoto, za wazee, za mvua isiyonyesha. Mnakula tende, mnakunywa kahawa, na haja inakuja mwisho, kama kwamba umeikumbuka ukiwa mlangoni. Nikajitolea mke wangu Nasriya, ambaye anajuana na mama mkwe wake Noof, Bi Bakhita, tangu enzi za kliniki ya watoto.

Ningeishia hapo ingekuwa salama. Lakini mimi nikianza kuhadithia sisimami. Nikamsimulia jambo nililoliona Sharqiya, mashariki ya nchi, nilipokuwa jeshini. Mzee mmoja wa kibedui alikuja kwa mzee mwenzake, akamiminiwa kahawa, akapokea kikombe na kukiweka chini bila kukigusa kwa mdomo. Kwao mgeni akifanya hivyo maana yake ana haja kubwa, na hanywi mpaka akubaliwe, na mwenye nyumba akikataa aibu hiyo inamfuata yeye na wajukuu zake.

"Huyu Noof ni mtu wa wapi?" Phyllis akauliza.

"Wa huko huko Sharqiya. Kwani nini?"

"Nauliza tu."

Nikamwambia asije akafikiria upuuzi. Kikombe kinawekwa chini kwa ajili ya damu iliyomwagika, au kwa posa, si kwa ruhusa ya dada wa kazi. Akasema sawa, mzee, amesikia. Na kweli alikuwa amesikia, tena vizuri mno.

Walikwenda Jumatatu alasiri, yeye na Nasriya, na sinia la halua. Mimi nilibaki nyumbani, na yaliyotokea nimeyapata kwa Nasriya, aliyeingia mlangoni hata viatu hajavua.

"Babake Saud, umemfundisha nini mtoto wa watu?"

Nikajifanya sijui.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tumekaa vizuri, tumeulizana hali, Noof kajilazimisha kucheka maana kamwona Phyllis na anajua alichomfanyia. Bi Bakhita yupo pembeni kaegemea mto wake, kafumba macho. Imeletwa kahawa. Mimi nnakunywa. Namgeukia mwenzangu, nakiona kikombe kiko chini, juu ya zulia, kimejaa, na yeye kakaa kimya mikono mapajani. Noof kaona. Rangi ikambadilika."

"Halafu?"

"Noof akamuuliza, unajua unachokifanya? Akasema, najua, mama. Nani kakufundisha? Akasema, dereva."

Nikainamisha kichwa. Nasriya akaendelea.

"Noof akamwambia, kikombe hiki watu hukiweka kwa roho ya mtu, wewe unakiweka kwa saa mbili za Ijumaa? Na Phyllis, Marhoon, hakupandisha sauti. Akasema, mama, mimi sina ugomvi wa damu na mtu, wala sina mtoto wa kuoza hapa. Kitu kikubwa nilicho nacho ni hiki. Kama kwako ni kidogo, kwangu hakuna kikubwa zaidi. Ukiniambia nitoke nitatoka, na ukipiga simu shuleni nitajua nimefukuzwa kwa haki, maana nilishaonywa. Lakini kahawa sinywi."

"Noof akasemaje?"

"Kakitazama kikombe. Nasikia saa ya ukutani. Kumbe Bi Bakhita hakulala, akafumbua macho akasema tu, Noof, kahawa ya mgeni inapoa."

Nasriya alikaa chini, akajipepea na ukingo wa shela.

"Akamwambia kunywa. Kwa hasira, lakini kamwambia. Na Phyllis akainywa yote, baridi, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, kama aliyezaliwa Bidiya huko Sharqiya. Mimi nnakwambia, mwanamke yule nimemwogopa."

Mimi nilijiona mrefu kidogo usiku ule, ingawa sikufanya lolote zaidi ya kupiga domo.

Baada ya hapo mtaa ulifunguka. Si wote. Nyumba nyingine zilikataa, moja ilikubali kisha ikabadili, na kuna dada aliyekuja getini asubuhi akatikisa kichwa tu na macho yamemvimba. Phyllis alimshika mkono, akampokea mtoto, akapanda basi. Lakini wengine walipata, na Noof, kwa kuwa ni mtu asiyefanya jambo nusu, alisema Nyambura hatapanda gari la mtu, atampeleka mwenyewe.

Ijumaa yenyewe nilibeba wanne kwenye gari langu, pamoja na Phyllis aliyevaa gauni la kijani ambalo sikuwahi kuliona. Ruwi ilikuwa inachemka. Ibada ilipokwisha watu wakajaa uwanjani, wanaume wa Rusayl wamekuja na basi lao, wamenyoa, wamepiga pasi, na Japheth yupo katikati yao anawapiga mabega. Mimi nilisimama ukutani penye kivuli kidogo, mwenye dishdasha, kanzu yetu, peke yangu. Magari ya Mabela yakaanza kuingia, na kila gari likashusha dada mmoja, wawili. Wengine walikuwa hawajawahi kuiona Ruwi tangu walipotoka uwanja wa ndege. Walisimama wamebanana upande wa Phyllis, wanatazama watu wao kama wanaogopa kuguswa. Noof aliegesha karibu na geti, vioo juu, kiyoyozi kinanguruma, na Nyambura akashuka.

Ian akapanda juu ya kiti akaeleza utaratibu. Kabla hajamaliza, Japheth akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mimi nina swali. Hawa akina dada wameletwa. Kila mmoja na dereva wake, wengine na mwajiri yuko pale kwa gari anawangoja. Na aliyewaombea ruhusa ni mgombea. Sheria yetu inasema mtu aje kwa hiari yake. Hizi ni kura ama ni mzigo umeshushwa?"

Wanaume wengi wakanguruma kukubali. Ian akatoa simu kutafuta kanuni zao, na uso wake ulionyesha kwamba angefurahi simu ile izimike.

Phyllis akasema, "Ian, uliniambia niwalete. Mbele ya watu."

"Ni kweli nilisema, lakini..."

"Na wewe Japheth, watu wako wamekuja na miguu kutoka Rusayl? Basi la kampuni ndilo lile, na dereva yuko pale anakula sambusa."

Watu wakacheka, Japheth naye akacheka kidogo, lakini hakurudi nyuma. Akasema wao basi wameliomba wenyewe, na kila mtu wake anajua anamtaka nani na kwa nini. Hawa je? Waulizwe hata jina la aliyewaombea ruhusa, wote watataja moja. Atakayewahesabu amemhesabu Phyllis mara nyingi tu. Na kusema kweli, mimi niliyesimama pembeni niliona hoja yake ina miguu. Ian akasema kwa sauti ya chini kwamba pengine ingekuwa haki kwa wote kama wale waliokuja kwa ruhusa maalumu wakae kando kwanza, kamati itafakari.

Wakae kando. Nilimwona Phyllis anafunga macho. Kila alichokifanya, onyo la shule, kahawa baridi, mageti yote yale, kilikuwa kinarudishwa jikoni.

Hapo Nyambura akatoka kwenye kundi. Alitembea polepole, anashika mtandio wake, akaupita mstari wa Phyllis bila kuutazama, akaenda kusimama nyuma kabisa ya mstari wa Japheth, nyuma ya jitu moja la Rusayl lililogeuka kumwangalia.

"Mimi nasimama hapa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza naisikia sauti yake ikiwa nzima. "Sasa mnitoe ama mnihesabu."

Japheth akashusha mkono wake. Angesema nini? Kura ile ilikuwa yake, na akiikataa atakuwa amejipunguzia mwenyewe mbele ya watu wote. Dada mwengine akatoka, akaenda kwa Japheth. Wawili wakaja kwa Phyllis. Wakaanza kujigawa wenyewe, wanapishana katikati, na kila mmoja alikuwa anakwenda anakotaka yeye.

Mimi nilikuwa namtazama Phyllis. Uso ulimsinyaa, nisidanganye. Alimtazama Nyambura kama mtu aliyepigwa na mkono aliokuwa anaushika. Kisha akavuta pumzi, akanyoosha shingo, na yeye ndiye aliyesema kabla ya mtu yeyote.

"Ian, anza kuhesabu. Hakuna anayekaa kando."

Japheth akainamisha kichwa, akasema anaondoa pingamizi lake. Wakahesabiwa wote. Mstari wa Japheth ulikuwa mrefu zaidi, kwa tofauti ndogo mno, madada watatu wanne tu wangehama ungekuwa mfupi. Akatangazwa. Akaja kumpa Phyllis mkono, na Phyllis akaushika mkono ule akakataa kuuachia.

"Ukifika Nairobi," alimwambia, "usiseme umetuona na tuko salama. Sema ni nani hajaonekana. Kuna mageti yaliyokataa, na nitakupa majina ya mitaa."

"Nitasema," Japheth akajibu, na nilimwona anamaanisha.

Njiani nilikuwa na hasira zangu mwenyewe. Nilimsema Nyambura maneno ambayo Nasriya angenitoa nje kwa ajili yake. Mtu anahatarishiwa kazi na ukaazi kwa ajili yako, unakwenda kumpa kura yule mwengine? Phyllis alinionyesha kwa jicho madada watatu walioko nyuma, wanasikiliza. Tukawarudisha mmoja mmoja kwenye mageti yao. Alipobaki yeye peke yake ndipo machozi yakamtoka, hakuyaficha wala hakuyapangusa.

"Nilitaka sana hiyo kiti, mzee. Hata kama haiko."

"Si ulisema unataka wahesabiwe tu?"

"Nilitaka zote mbili. Nimepata moja." Akavuta kamasi, akatazama nje. "Na usimtukane Nyambura. Nilimwombea ruhusa, sikumnunua. Angenifuata kwa sababu ya ile kahawa, Japheth angekuwa amesema kweli."

Jumapili, siku ya kwanza ya wiki huku kwetu, watoto walirudi shule. Tulifika kwenye geti la Noof, na Nyambura akatoka na Yazan, mkoba begani, chupa mkononi. Nilikuwa nimeapa sitamsalimia. Kumbe nimeshashusha kioo.

"Wewe binti, kwa nini Japheth?"

Hakuona haya. Alimtazama Phyllis, si mimi.

"Dadangu, wewe nakupenda. Lakini Nairobi wanasikia mtu wa kupiga kelele, na Japheth anajua kupiga kelele. Kakangu alivunjika mguu Rusayl, ni yeye alimkalia hospitali. Nilifikiria wiki nzima."

Phyllis alimfunga Yazan mkanda, akarudi mlangoni. Nilijua sura ile. Ndiyo aliyokuwa nayo siku aliponiambia niwashe gari.

"Sawa," alisema. "Uchaguzi mwingine ni baada ya miaka miwili. Naanza kukuomba kura leo. Kila asubuhi nitakuomba, mpaka siku hiyo. Utanipa?"

Nyambura alisimama na mkono kwenye geti. Ndani kulikuwa na vyombo vya jana, nguo za kufua, na mtoto mdogo anayelia. Hakuwa na haraka.

"Nitafikiria," alisema.

Phyllis alipanda basi anacheka, machozi yako palepale, akaniambia nitie gia.